Upande wa Kulia Juu

Kwa miaka ishirini Moriwaki Hatsue hakumfunga mtu mshipi bila kwanza kumwekea kiganja kifuani. Wazee waliokuja Yuzaki kuloweka magoti kwenye maji moto, maharusi, wauza dawa waliokuja kwa semina wakaishia kulewa: kila mgeni wa Hoteli ya Hirase aliyehitaji msaada wa kuvaa yukata, joho jepesi la pamba la baada ya kuoga, alipitia chini ya kiganja kile. Kilikuwa kinatafuta ukingo wa kitambaa. Upande wa kulia ulale mwilini, wa kushoto uje juu yake. Ndivyo anavyovaa mtu anayepumua. Wa kulia ukija juu, umemvika maiti. Watoto wa Yuzaki hulijua hilo kabla hawajajua kupenga kamasi, na wakikosea bibi zao huwachapa kofi la mkono.

"Bibi Moriwaki, mbona unatupapasa kama daktari?" wasichana wa zamu ya asubuhi walimtania.

"Natafuta moyo. Wewe huna, pita."

Walicheka. Hawakujua kwamba bibi huyu wa miaka sitini na minane, mwenye maneno makali na vidole vyepesi, alikuwa akihesabu kimoyomoyo: kushoto juu, kushoto juu, kushoto juu. Mara tatu kwa kila mtu. Nyumbani, akishavaa ya kwake, alijikagua mara ya nne kwa kupapasa, wala si kwenye kioo, maana kioo hugeuza kila kitu na yeye alikuwa hakiamini.

Jumanne moja ya Novemba, mvua ikipiga madirisha kutoka upande wa bahari, Onda wa ofisi ya utalii aliingia chumba cha nguo akiwa ameloa mabega. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kidogo, mnene, aliyeipenda kazi yake kupita kiasi.

"Shikamoo Bibi. Nimekuja kukupigia magoti."

"Marahaba. Usipige, sakafu imepigwa deki sasa hivi."

"Jumamosi, Bibi. Miaka ishirini ya ile filamu yetu. Viti tisini vya sinema vimekwisha vyote, watu wanatoka mpaka Sapporo! Na wote wanataka kuvikwa yukata ya Hirase kabla ya kuingia."

"Kwani hawana mikono?"

"Wanayo. Ila wanataka kinyume. Kulia juu. Wakijivika wenyewe mkono unarudi kwenye mazoea, wanaingia wamekosea, yaani wamepatia. Tunataka fundi."

Hatsue aliacha kukunja shuka. "Unataka niwavike watu tisini kama maiti."

"Kama Bakuli!" Onda alicheka, kisha akaona uso wa bibi akakohoa. "Halafu yupo binti yake marehemu Nukui, yule mwigizaji. Anaitwa Chigusa. Atakuja kuzungumza jukwaani, mara yake ya kwanza. Alikuwa hataki kabisa, miaka yote tunamwandikia. Safari hii kakubali kwa sharti moja. Anataka kumjua mtu aliyemvika baba yake siku ile. Nikamwambia, dada yangu, wale walikuja na watu wao kutoka Tokyo. Ndivyo, sivyo?"

Mvua ilipiga dirisha. Hatsue alichukua shuka nyingine, akatafuta pembe zake.

"Nitakuja kuwafunga mishipi," alisema.

Filamu yenyewe iliitwa *Mazishi Yameahirishwa*. Bosi wa genge dogo anapaliwa na keki ya mchele siku ya Ijumaa, anakufa, na mahasimu wake wanakuja Jumatatu kupatana naye. Wahuni watatu wanapewa kazi ya kuwaonyesha watu kwamba bado yu hai mpaka hapo. Basi wanampeleka kwenye hoteli ya maji moto. Wanamvika kama mgeni, wanamkalisha mezani, wanamwogesha, wanamwimbisha karaoke. Mmoja wa wahuni hao ni mjinga ambaye hula muda wote, na wenzake humwita Bakuli. Huyo ndiye aliyeigizwa na Nukui Tokio, mchekeshaji wa majukwaa madogo ya Osaka, mtu ambaye watazamaji walijua sura yake lakini jina wakawa wanalitafuta.

Ilipoonyeshwa mjini, Aprili iliyofuata baada ya kupigwa picha, watu wa Yuzaki walinuna. Walisema mji wao umegeuzwa mochwari. Wachache walicheka pale tu walipoona duka lao. Huko Tokyo ilidumu wiki mbili, ikaondolewa, ikalala miaka kumi.

Kilichoiamsha ni mwanafunzi mmoja wa Nagoya aliyeiona kwenye runinga akiwa na homa. Aliandika mtandaoni kwamba katika dakika ya arobaini na moja Bakuli anatoka chumbani amevaa yukata upande wa kulia juu, wakati maiti aliyeketi karibu naye amevaa kama mtu hai. Watu wakamkejeli: picha imegeuzwa, homa imekupanda. Akaonyesha saa ya ukutani na kibao cha mlangoni, maandishi yake yakisomeka sawasawa. Hapo ndipo walipoanza kuitazama upya. Wakaona kwamba tangu dakika ile hakuna anayemjibu Bakuli swali lolote. Wakaona anakula bakuli zima la tambi na tambi hazipungui. Mwongozaji alipoulizwa alisema wazo lilikuwa la Nukui mwenyewe, kwamba yeye alipoliona nywele zilimsisimka, akaona si adabu kuuliza. Na Nukui hakuwepo wa kuulizwa. Alikufa Januari, wiki tisa baada ya siku ile, kwa saratani ya kongosho.

Basi watazamaji wakawa na hakika. Alijua. Aliaga. Filamu ya wahuni na kichekesho cha maiti ikawa kitu kingine, na watu wakaanza kuisafiria. Dakika ya arobaini na moja ikifika, ukumbi mzima husimama kimya, hukutanisha viganja kama mbele ya jeneza, kisha hukaa na kucheka. Onda alimsimulia Hatsue mambo hayo mara nyingi, akidhani anamfurahisha.

Hatsue aliiona mara moja tu, ile Aprili. Filamu ilipofika dakika ile alisimama, akapita mbele ya magoti ya watu, akatoka. Kilichofuata katika hadithi hakukijua. Kwa miaka ishirini aliamini kwamba baada ya pale Bakuli anakufa.

Mwaka ule wa filamu, mumewe Eikichi alikuwa mtu wa boila hapo hapo Hirase. Maji yakishapata moto, aligonga bomba kwa spana mara tatu, na wahudumu wa juu wakajua wageni waanze kuoga. Jumapili moja bomba halikugongwa. Walimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kama anayepumzika. Watu wa mazishi walileta lile vazi jeupe la maiti, Hatsue akalikataa. Alimvika mwenyewe yukata ya hoteli, ya bluu yenye mistari ya mawimbi, aliyokuwa akiivaa kila akitoka kuoga. Kulia juu. Ilibidi ajilazimishe, mikono ilikuwa haitaki. Alilala naye usiku mmoja wa mwisho, na mikono ikajifunza.

Walizika majivu yake Jumatano. Ijumaa asubuhi Mama Mwenye Hoteli alikuja mlangoni kwake, ameinama hadi paji la uso likakaribia kizingiti cha mlango. Mvishaji wa watu wa filamu alikuwa ameshikwa na homa. Kamera zinasubiri. Hakuna mwingine.

Hatsue alikwenda. Kukaa nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Alimvika kwanza mzee aliyeigiza maiti, aliyekuwa anasinzia kweli, akamfunga vizuri kama mtu hai, maana mwongozaji alimwagiza hivyo mara mbili. Kisha akaja Nukui. Alikuwa na kimo cha Eikichi. Alikuwa na kitambi kidogo kile kile, na yukata ilikuwa ya bluu, yenye mistari ya mawimbi. Hatsue alifanya kazi yake. Hakumbuki kuona kitu. Mikono ndiyo iliyokuwa ikimjua yule mtu.

Hayo aliweza kuyakumbuka. Palikuwa na jingine, maneno mawili matatu yaliyosemwa baada ya mshipi kufungwa, na hayo hakuwahi kuyatamka mbele ya mtu, hata asubuhi alipoweka wali na chai mbele ya picha ya Eikichi kwenye kabati dogo la kuwaombea marehemu na kumweleza habari zote za mji. Majira yale ya baridi mabomba ya hoteli yalianza kugonga yenyewe. Fundi alisema ni hewa. Yaligonga mara tatu, yakanyamaza, na wahudumu wapya wakawa wanauliza kama maji yako tayari.

Jumamosi foleni ilianzia ukumbi wa kuvalia ikapita mpaka kwenye rafu za viatu. Vijana, wazee wawili watatu, wanandoa waliovaa sare. Hatsue aliketi kwenye mkeka, akaanza na msichana mwenye kucha za kijani, muuguzi kutoka Okayama, aliyejitambulisha kana kwamba anaingia jeshini.

Dakika moja baadaye msichana alijitazama kifuani.

"Bibi, samahani. Umekosea. Mimi nataka kulia juu."

"Najua."

"Sasa hii si kushoto?"

"Naona."

Alimfungua, akaanza upya. Mikono ikaenda ilikozoea. Msichana akamtazama tena, akiwa na huruma ya kiuuguzi.

"Bibi, umechoka?"

"Wewe umezaliwa hai, shukuru. Geuka." Mara ya tatu pia ilitoka kushoto juu. Wasichana wa Hirase walianza kucheka nyuma ya mikono yao: Bibi Moriwaki, fundi wa mji mzima, ameshindwa kufunga yukata! Hatsue aliwakabidhi kazi. Wao wakunje, yeye afunge mishipi tu. Basi watu wakawa wanamjia mmoja mmoja wakiwa tayari wamegeuzwa, vifua vya maiti vikipumua mbele ya macho yake, vikinukia sabuni na chingamu, na kila mmoja alisema asante.

Alikuwa amefunga kama hamsini hivi alipoona miguu imesimama mbele yake bila kusema kitu. Alipoinua macho alimwona mwanamke wa karibu miaka arobaini, nywele fupi, masikio makubwa yaliyojitokeza. Masikio yale aliyajua.

"Naitwa Nukui," alisema mwanamke. "Wasichana wako wamesema wewe ndiye mkubwa wao. Nivike wewe."

Hatsue alimpeleka chumba cha pembeni, akafunga mlango wa karatasi. Hakujua kwa nini aliufunga.

"Upande gani?"

"Kama wengine. Wanasema nisipovaa hivyo watavunjika moyo." Chigusa alinyoosha mikono ikaingia kwenye yukata. Alizungumza akiangalia ukutani, kama watu wanavyozungumza na wanaowavika. "Unajua wananiambia nini, Bibi? Wananishika mikono barabarani. Baba yako alijua, wanasema, alituaga, alikuwa jasiri. Wanalia. Mtu mzima ananililia mimi kituo cha treni. Aliwaaga wao. Sisi nyumbani alituambia tumbo linamkata kwa sababu amekula kaa wengi Yuzaki. Desemba yote tunamcheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikawa nampigia kelele kwa nini haamki aje mezani. Ningependa kujua kwa nini kamera ilistahili kuambiwa na mama yangu hakustahili. Hilo tu. Mtu aliyemvika lazima alisikia kitu."

Mshipi ulikuwa mikononi mwa Hatsue. Aliukunja mara mbili, akaukunjua.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Niliyemvika."

Chigusa aligeuka polepole, yukata ikiwa wazi juu ya fulana yake. Hatsue hakusubiri aulizwe. Alimweleza Jumapili, boila, vazi jeupe alilolikataa, Ijumaa. Alieleza kwa ufupi, kama anayetoa taarifa ya kitu kilichovunjika. Alimalizia na kitambi na mistari ya mawimbi.

"Lakini angeona," alisema Chigusa. "Baba alikuwa jukwaani tangu ana miaka ishirini. Alikuwa anajivika mwenyewe gizani."

"Aliona."

"Aliona?"

"Alijitazama. Akaniangalia. Akaniuliza, 'Mama, hivi ndivyo?'" Hatsue aliweka mshipi chini. "Nami nikamwambia, 'Ndivyo.' Sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa namjibu mtu mwingine. Akadhani mwongozaji ndiye aliyeagiza. Mwongozaji akadhani yeye ndiye aliyetaka. Mtu wa kuangalia makosa akadhani wakubwa wameelewana. Wote walikuwa na adabu, hakuna aliyeuliza. Aliyeuliza ni baba yako peke yake, akaniuliza mimi, na mimi nikamwambia ndivyo."

"Halafu?"

Hapo ndipo palipokuwa na lile jambo. Hatsue aliangalia mikono yake.

"Akacheka. Akasema, 'Haya, basi nife nimeshiba. Kaa wanaletwa saa ngapi?'"

Mabomba yalikuwa kimya. Huko nje mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili.

"Nife nimeshiba," Hatsue alirudia. "Alitamka mwenyewe, mikono yangu ikiwa bado kwenye mshipi wake. Januari nikasoma gazetini."

Lakini Chigusa alikuwa hasikii. Midomo yake ilikuwa ikicheza. "Kaa wanaletwa saa ngapi," alisema. Kisha akasema tena, kwa sauti nzito ya Osaka ambayo bila shaka haikuwa yake, akakaa kwenye mkeka na yukata yake wazi, akacheka mpaka machozi yakamlowesha mashavu. "Hakujua! Mungu wangu, mzee wa watu hakujua lolote. Alikuwa na njaa!"

"Alikuwa na njaa sana," alisema Hatsue. "Alisema treni haikuwa na chakula."

"Miaka ishirini namnunia." Alijifuta kwa mkono wa yukata. Baada ya muda alimtazama bibi vizuri, kama ameingia chumbani sasa hivi. "Na wewe umekaa ukiamini umemuua."

"Bado naamini."

Hatsue alisubiri aambiwe usiseme hivyo, Bibi, kama watu wanavyoambiana. Chigusa hakusema.

"Hapo mimi siwezi kukutoa," alisema hatimaye. "Sijui anayeweza. Ila njoo tukaitazame. Umeiona yote?"

"Mpaka dakika ya arobaini na moja."

"Basi hujaiona." Alisimama, akanyoosha mikono tena. "Nimalizie."

"Nikuvike upande gani?"

"Ule ule."

Safari hii mikono ilikubali. Upande wa kushoto ukalala mwilini, wa kulia ukaja juu, na Hatsue akafunga fundo bila kuweka kiganja kifuani, maana alikuwa anajua.

Sinema ya Yuzaki ina harufu ya koti lililokauka ndani ya nyumba. Hatsue alikaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa mazoea ya mtu anayetoroka. Mbele yake zilijaa kosi za bluu. Filamu ilianza na watu walicheka mahali walipozoea kucheka, sekunde kabla ya kichekesho chenyewe, kama waumini wanaojua wimbo. Maiti aliimba karaoke. Maiti alipigwa masaji, mkandaji akamsifu kwa utulivu. Halafu kicheko kikapungua, bila mtu kusema kitu, na watu tisini wakainuka pamoja, viti vikigonga.

Viganja vikakutana. Hatsue hakusimama, na kwa sababu hiyo hakuona chochote ila migongo, hadi alipolazimika kusimama naye.

Eikichi alitoka chumbani. Alikuwa na yukata ya bluu, kulia juu, fundo lile lile la pembeni ambalo mjini ni Hatsue pekee hulifunga. Alikaa chini, akavuta bakuli la tambi, akala.

Watu walikaa. Hatsue alibaki wima mpaka mtu akamvuta upindo. Kule mbele yule mtu aliyevikwa kwa ajili ya jeneza alikuwa anakula kwa kelele, akivuta tambi mpaka mchuzi ukamtiririka mashavuni, akauliza wenzake kama wataacha hizo, na kwa kuwa hawakumjibu akachukua na za kwao. Watu wakacheka kile kicheko cha chini cha nyumba yenye msiba. Tambi hazikupungua. Hatsue alijua sababu: wanawake wa jikoni walikuwa wakimwongezea kila kamera iliposimama, kwa kuwa alikuwa akiomba. Kisha akakimbia, akadondoka kwenye bwawa la maji moto na nguo zake, akazama. Hatsue alishika kiti cha mbele. Akaibuka, maji yakimtoka puani, akicheka. Kwa dakika arobaini zilizobaki hakutulia hata mara moja. Alikimbia, alianguka, alikula, alilia kwa ajili ya bosi wake, akala tena. Katika filamu ile nzima hakuna mtu aliyekuwa hai kama yeye, na Hatsue alimtazama bila kupepesa, kwa kuogopa kwamba akipepesa atageuka Nukui.

Taa zilipowaka hakuna aliyeinuka. Majina ya waigizaji yalikwishapita, wakasubiri. Chigusa alipanda jukwaani. Onda alimpa maikrofoni kwa mikono miwili. Maswali yakawa mepesi mwanzoni, baba alipenda nini, alikuwa mkali? Halafu yule muuguzi mwenye kucha za kijani akasimama, akainama.

"Samahani kwa swali. Dada, baba yako alijua?"

Chigusa aliishusha maikrofoni. Alitazama kule nyuma, si kwa kumwomba Hatsue wala kumlazimisha. Alitazama tu, kama mtu anayemshikia mwingine mlango.

Hatsue akasimama.

"Nilimvika mimi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi aseme tena. "Nilimvika mimi. Nilitoka kumzika mume wangu. Nilikosea."

Watu tisini waligeuka kwenye viti vyao. Hatsue alikuwa hajawahi kutazamwa na wafu wengi kiasi kile. Onda alikuwa ameachama. Hatsue alieleza machache, jinsi Nukui alivyouliza na jinsi alivyojibiwa. Maneno ya kaa alimwachia Chigusa, naye akayasema kwenye maikrofoni kwa sauti ya baba yake. Baadhi walicheka kwa nguvu. Wengine waliziba nyuso. Muuguzi alibaki amesimama, akilia.

Kisha mwanamume wa safu ya tatu akanyoosha mkono, mtu wa miaka thelathini na kitu, miwani, adabu nyingi. Kila mtu alimfahamu. Alikuwa yule mwanafunzi wa Nagoya wa ile homa.

"Bibi, pole sana kwa msiba wako," alisema, akainama kwa muda mrefu. "Na asante kwa kutuambia. Lakini, samahani, kwenye filamu amekufa."

"Nimekwambia nilikosea."

"Wewe ulikosea, Bibi. Filamu haikukosea. Mtu aliyevikwa na mikono iliyotoka kwenye jeneza..." Alitafuta neno, akalikosa. "Sasa ndiyo amekufa zaidi."

Minong'ono ya kukubali ikapita kwenye safu, ya upole, na watu kadhaa wakaitikia kwa vichwa. Hatsue alikaa chini. Alikuwa amelibeba jambo lile miaka ishirini akidhani siku akilitua litavunja kitu, na hawa walilipokea kwa mikono miwili kama zawadi ya mji, wakaliweka juu ya madhabahu yao.

Walipoanza kutoka alikwenda kusimama mlangoni. Mvua ilikuwa haijakoma. "Asiyetaka kutembea hivyo njiani, aje nimgeuze," alisema. Wengine walikuja. Muuguzi alikuja, akainua mikono kama mtoto, na mara hii kushoto kulipokuja juu hakulalamika. Wengi walimpita wakiinama, wakafungua miamvuli, wakateremka mtaa wa maji moto kama walivyo, mvuke ukipanda kutoka kwenye mifereji na kuwameza mpaka kiunoni.

Wa mwisho alikuwa Chigusa. Hatsue alinyoosha mikono kwenye mshipi wake.

"Niache," alisema Chigusa. "Nataka kula kaa nikiwa hivi. Wanaletwa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Bado nusu saa! Twende."

Alitangulia, masikio yale yakionekana chini ya mwamvuli, akiruka madimbwi. Hatsue alifunga mlango wa sinema, akamfuata. Kwa nyuma mshipi ni mshipi. Hakuna anayeweza kujua upande gani uko juu. Aliutazama mgongo wa bluu ukiingia na kutoka mvukeni, mistari ya mawimbi, fundo lake mwenyewe la pembeni. Akaongeza hatua, kisha akaongeza tena, mwishowe alikuwa karibu kukimbia, apate kumpita na kumwona kwa mbele.